Siku Mama Alipoizibua Dohani

Nyumba yetu ya mlimani ina dohani kwa sababu mume wangu, alipokuwa kijana, alisoma katika nchi ya baridi, akapanga chumba kwa mwanamke mmoja mzee aliyekuwa na meko ya ukutani. Kila akisimulia ujana wake lazima afike kwenye meko yale. Kwa hiyo tulipostaafu, tukajenga Jabal Akhdar, milima ya Oman iliyo juu ya mji wa Nizwa, kwenye kiwanja alichorithi kwa mama yake, alimwambia fundi amjengee meko sebuleni, na dohani ya mawe inayopita kwenye dari mpaka nje. Majirani walikuja kuitazama. Wengi wao huota moto uani, kisha huingia ndani wakajifunika.

Mwaka wa kwanza tulikoka kuni, na ilikuwa raha, sitasema uongo. Mwaka uliofuata daktari alimkataza mume wangu moshi kwa ajili ya kifua chake. Tukanunua hita ya umeme, na ndani ya meko nikaweka mtungi wa shaba wenye maua makavu. Hapo ndipo tulipoutambua upepo wa dohani. Ulishuka wenyewe, ukapita chini ya meza, ukatupata miguuni. Hita ilifanya kazi tangu asubuhi na chumba kisipate joto, maana joto lenyewe lilipanda dohani likaenda zake. Bili ya umeme ilipokuja, mume wangu aliisoma, akavua miwani, akasema, "Tunawapashia moto ndege."

Tungeendelea hivyo kwa uvivu wetu, lakini Mama alihamia kwetu.

Mama alizaliwa mjini Unguja na kuja Oman akiwa bibi harusi, amemfuata baba yangu. Umri wake karibu wote aliumaliza mjini Ibra. Baba alipokufa alibaki na kaka yangu, hadi kaka alipopata kazi kwenye kiwanda cha gesi karibu na Sur, akahamia huko na mkewe kwenye nyumba ya ghorofa isiyokuwa na lifti. Mama alijaribu kupanda zile ngazi mara chache, kisha akanipigia simu. "Njoo unichukue," alisema. "Huku nimekuwa kama njiwa wa kizimbani."

Nilimchukua vuli ilipokuwa ikiisha. Sikufikiri juu ya baridi. Nilifikiri juu ya chumba chake kinachotazama mikomamanga, na jinsi nitakavyokuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili mchana kutwa, maana mume wangu ni mtu wa Nizwa na Kiswahili anachokijua ni cha kuombea chai.

Baridi ilipoingia, kila asubuhi nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Miguu yangu sijui iko wapi." Alikuwa akisema hivyo kwa mzaha, lakini kikohozi hakikuwa mzaha. Alikaa sebuleni, soksi mbili mbili, blangeti limemfika kidevuni, na upepo wa dohani ukilichezesha lile pindo la blangeti mbele ya macho yetu.

Mume wangu hawezi kuona kitu kimeharibika akakiacha. Alizungumza na mafundi, akasoma, akaja na maelezo yake. Dohani itasafishwa masizi kwanza, yasije yakatuangukia. Kisha itazibwa kwa mto wa manyoya ya kondoo, usukumwe juu kidogo ya meko. Haitazibwa kabisa, patabaki upenyo mwembamba ili ukuta usivunde kwa unyevu. Na maadamu imezibwa, moto wa aina yoyote ni marufuku pale mekoni. Alimweleza Mama yote hayo kwa Kiarabu, taratibu, akimwita khalti, kama wanavyowaita mama wakwe zao huku kwetu.

Mama Kiarabu alikijua vizuri sana, lakini alinigeukia mimi akasema kwa Kiswahili, "Mwambie mumeo, tundu la nyumba halizibwi."

"Mama, upepo wa hilo tundu ndio unaokukohoza."

"Niache nikohoe. Anayekohoa yu hai."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilimtafsiria mume wangu kwa maneno laini kuliko yale, naye akatikisa kichwa, akasema tumpe muda. Lakini wiki ile baridi ilizidi, na asubuhi moja Mama alikohoa mpaka akashindwa kumaliza chai yake. Siku hiyo tulikuwa na miadi ya mume wangu hospitalini, Nizwa. Kabla hatujatoka, Mama akiwa bado chumbani kwake anasali dhuha, mume wangu alikunja blangeti la zamani, akalisukumia juu ndani ya dohani kwa mpini wa fagio. "Kwa leo tu," aliniambia. "Tukirudi nitalitoa. Apate joto nusu siku." Tukawasha hita, tukamuaga, tukashuka.

Tuliporudi ilikuwa imeshaadhiniwa adhuhuri. Nilikuta mlango wa mbele umeachwa wazi, na madirisha yote ya sebule yamefunguliwa, mapazia yanapepea. Mtungi wa shaba ulikuwa umelala ubavu na maua yamesambaa sakafuni. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya meko, kichwa amekiinamisha, mikono myeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko. Blangeti lilikuwa mbele yake chini. Alikuwa akitetemeka mwili mzima.

Nilimshika mabega. Alikuwa baridi kama chuma. "Mama, umefanya nini?"

"Mlikwenda mkaniacha ndani," alisema. "Mkaziba, mkaniacha ndani."

Mume wangu alisimama mlangoni, funguo mkononi. Nilimwona uso umemshuka. Aliomba radhi kwa Kiarabu, na Mama akamjibu kwa Kiarabu kwamba hana kosa, hakujua. Kisha alimwambia aende akapumzike, kwa sababu alitaka kusema na mimi.

Nilimnawisha mikono kwa maji ya moto kwenye beseni. Masizi yaliingia kwenye mikunjo ya vidole na hayakutaka kutoka. Nilikuwa bado nayasugua pale aliponiuliza, "Ndugu yako wa kwanza, uliambiwa alikufa kwa nini?"

Nilijua kwamba kabla ya kaka na mimi palikuwa na mtoto wa kiume. Nyumbani hakutajwa sana. "Homa," nilisema.

"Hakuwa na homa."

Akanisimulia, na mikono yake imo ndani ya beseni muda wote ule.

Mwaka aliokuja Oman walifikia kijijini kwa baba, kwenye milima ya Dima wa Tayyin. Chumba chao kilikuwa cha udongo, kuta nene, na kilikuwa na tundu moja tu la mwanga karibu na dari, dogo, la kupitisha mkono. Mama hakuwahi kuona baridi maishani mwake. Baridi ya pili ilipoingia, mtoto alikuwa ameanza kukaa, na mashavu yalikuwa yamempasuka kwa ukavu. Bibi yangu, mamake baba, alimpenda mjukuu yule hata watu walikuwa wakimtania.

"Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha," Mama alisema. "Bibi yako alileta seredani ya mkaa, akaiweka chumbani, mkaa umeshashika, hauna moshi hata kidogo. Mtoto alikuwa amelala. Akaniambia, njoo jikoni tukande mkate, huyu mwache alale. Kabla hatujatoka akatazama juu, akaona tundu linaingiza baridi. Akauliza nguo ya kuzibia. Nikampa kanga yangu. Akapanda juu ya sanduku, akaikunja, akaisukuma ndani ya tundu mpaka ikakaa. Akashuka, akampapasa mtoto kichwa, akafunga mlango taratibu asije akamwamsha."

Maji yalikuwa yameanza kupoa.

"Tulikaa jikoni tukizungumza. Nilikuwa najifunza Kiarabu chake, ananicheka. Hata mkate ulipokwisha kuiva nikasema, mbona leo amelala sana. Nikaenda. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni, nikafurahi. Nikasema, leo mwanangu amepata joto. Alikuwa na rangi nzuri, mwanangu. Mashavu mekundu kama ya mtoto aliyetoka kucheza. Nikamnyanyua."

Niliongeza maji ya moto kwenye beseni.

Watu wa kijijini walisema ni kadari. Wengine walisema ni jicho, kwa sababu mtoto alikuwa mzuri. Bibi alisema ni homa ya ndani isiyoonekana, na hilo ndilo lililobaki. Mama alikubali, hakuwa na kingine cha kukubali. Walimzika siku ileile, baada ya mvua.

"Uliujua lini ukweli?"

"Ulipozaliwa wewe. Hospitali ya Ibra. Palikuwa na muuguzi, alipita kitanda kwa kitanda kuwaonya wazazi wa milimani: msiweke mkaa kwenye chumba kilichofungwa, una hewa ya sumu, haina harufu, na mtoto ataonekana amelala tu, mashavu mekundu. Alikuwa anayasema kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Mimi nikageukia ukutani."

"Na Bibi?"

"Bibi yako alikuwa ametoka kukuletea nguo. Aliporudi aliniletea mimi uji. Akanikuta nalia, akaniuliza nina nini. Nikamwambia tumbo linaniuma. Akakaa akanikanda mgongo mpaka nikalala."

Lazima nieleze hapa huyo bibi alikuwa nani kwangu. Ndiye aliyenilea Mama alipokuwa akishonea watu nguo. Alinisuka nywele, alinifundisha Fatiha, na kila baridi ilipoingia alivua shela yake mwenyewe akanifunika mimi na kaka yangu, yeye akabaki ameikunja mikono kifuani. Alikufa nikiwa skuli ya sekondari, na Mama ndiye aliyemuuguza. Alimlisha kwa kijiko, alimwosha, alimgeuza kitandani. Watu wa Ibra walikuwa wakisema hawajaona mkwe na mkwe wanaopendana namna ile.

"Hukumwambia kamwe?" niliuliza.

"Ningemwambia nini? Kwamba ameua? Aliziba kwa mapenzi. Na kanga ilikuwa yangu, nimempa kwa mkono wangu." Alitoa mikono kwenye maji, akaitazama. "Lakini sijui kama hakujua. Alipokuwa anaumwa maradhi yale ya mwisho, alikuwa hataki dirisha lifungwe. Hata kwa baridi. Akiniona nalishika ananiambia, liache, binti yangu, liache. Sikumuuliza kwa nini. Na yeye hakuniambia."

Nilimpangusa mikono kwa taulo, kidole baada ya kidole. Nilikuwa namkumbuka bibi yangu na nikashindwa kumweka mahali pamoja na habari niliyoisikia. Nilitaka kumhurumia yeye, na Mama, na yule mtoto, wote kwa pamoja, na moyo haukutosha.

Mume wangu nilimweleza jioni. Alisema tuuache upepo uingie, tutanunua hita nyingine. Ni Mama aliyekataa. Asubuhi alipoitikia shikamoo yangu aliniambia, "Mwambie mumeo anieleze tena ule mto wake. Safari hii nitasikiliza."

Walikaa wawili mbele ya meko, kila mmoja kwenye kiti chake cha chini. Mama aliuliza maswali yote. Kama jikoni kuna moto unaotumia dohani hii. Hakuna, jiko letu ni la umeme. Kama mtu akisahau akawasha kuni. Mto utakuwa na kamba ndefu yenye kitambaa chekundu, ining'inie mekoni, mtu asiweze kuweka kuni bila kuiona. Kama mto utashuka. Hautashuka, manyoya hujitanua yakaushika ukuta. Na hewa? Mume wangu alimwonyesha kwa kidole upana wa ule upenyo. Mama akasema, "Ongeza kidogo." Akaongeza.

"Na mto nitaushona mimi," Mama alisema.

Alishona siku nzima, kwa mkono, uzi maradufu, kwenye kitambaa kizito cha pazia. Manyoya tulinunua kwa mfugaji wa jirani, tukayafua, tukayaanika juani. Fundi alikuja akakwangua masizi mpaka ndoo ikajaa. Mume wangu aliusukuma mto mwenyewe, na ulipokaa alimwashia Mama kijiti cha udi, akakishika chini ya dohani. Tuliutazama moshi wake. Badala ya kusukumwa chumbani kama zamani, ulisimama, ukajikunja, kisha uzi mwembamba ukapanda ukapotelea kwenye upenyo. Mama aliutazama mpaka kijiti kikaisha. Mume wangu akakichukua akaenda kukizimia nje.

Alinunua pia kile chombo kidogo cha ukutani kinacholia kikinusa hewa ya mkaa, akakifunga karibu na mlango wa chumba cha Mama. Alipokibonyeza kukijaribu kilipiga kelele za kutisha. Mama alimwambia akibonyeze tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Hivi vilikuwako zamani?" Mume wangu akasema havikuwako. Mama akasema, "Basi."

Chumba kilipata joto. Siku ileile tulilihisi, hita tukaipunguza, na bili iliyofuata mume wangu hakuvua miwani. Mama alianza kukaa bila blangeti. Kikohozi kilipungua, ingawa hakikwisha. Akawa ananisimulia kuhusu mtoto, kidogo kidogo, mambo ambayo alikuwa hajamwambia mtu: kwamba alikuwa akicheka akisikia mbuzi, kwamba alikuwa na alama nyuma ya sikio, na kaka yangu alipozaliwa Mama alimtazama pale kwanza. Jina lake pia aliniambia, na tangu hapo tulilitumia, kama jina la mtu wa nyumbani.

Lakini joto halikumpa utulivu. Mara nyingi nilimkuta mchana amesimama mbele ya meko, ameinama, kiganja amekipandisha juu gizani, anatafuta ile pumzi ndogo inayopita. Akiipata alirudi kukaa. Sikumzuia. Mume wangu alinishauri tuutoe mto, nikamwuliza Mama, naye akasema hapana, uache, ila nisimkataze kuangalia.

Hakuuona msimu mwingine wa baridi. Moyo wake ulichoka wakati makomamanga yalipokuwa yanapasuka mitini, na alikufa nyumbani kwa kaka yangu huko Sur, alikokwenda kumwona mjukuu. Walimbeba wakamleta Ibra, akazikwa makaburi ya huko, safu moja na bibi yangu. Nilipofika walikuwa wameshamkafini. Nilimshika miguu. Ilikuwa baridi, na nilijikuta nataka kumvisha soksi.

Baadaye, nilipoweza kukaa garini bila kulia, nilimwomba mume wangu anipeleke Dima wa Tayyin. Nyumba ya udongo ya kijijini ilikuwa haina paa tena. Binamu mmoja wa baba, mwanamke mtu mzima aliyebaki pale na mbuzi zake, alitupeleka makaburini, mlimani kidogo. Makaburi yetu hayaandikwi kitu, ni mawe tu. Alinionyesha upande wa watoto. Mawe madogo, mengi kuliko nilivyotarajia, mengine yamezama kwenye mchanga.

"Mtoto wa yule bi harusi wa Zanzibar ni yupi?" nilimwuliza.

Alitembea kati ya mawe, akarudi. "Yumo humu," alisema. "Waliokuwa wakijua lipi ni lake wamekwisha kufa, binti yangu."

Nilisoma Fatiha nikawaombea wote. Kisha nilimwita kwa jina lake, mara moja tu, si kwa sauti kubwa, kwa sababu niliona vibaya kuondoka bila kumwita. Yule binamu alikuwa amegeuka pembeni anaita mbuzi. Mume wangu alikuja akaniwekea koti lake mabegani, tukashuka kwenye gari.

Njiani kaka alinipigia simu kutoka Sur. Nilimweleza tulikokuwa na nilichoambiwa na Mama, yote, kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama ile alama ilikuwa nyuma ya sikio la kulia au la kushoto. Nikamwambia Mama hakusema. Akasema anataka kwenda kijijini pia, tuongozane. Tumepanga mara nyingi. Kazi zake, kifua cha mume wangu, mvua inayokata njia ya bondeni. Mpaka leo hatujapata siku.